Kaburi la Chini ya Reli

Wakongomani wa Thamesmead walikuwa wakimtania Annonciata kwamba hata mchungaji akisema "tuombe", yeye atajibu kwanza "sikubali", halafu ndiyo afumbe macho. Alikuwa mwanamke mrefu, mgongo umenyooka ingawa miaka yote ya London aliuinamisha juu ya mazulia ya ofisi za watu. Kaunsili ilipompa flati yenye ukungu mweusi ukutani, alikwenda ofisini kwao kila Jumatatu, akakaa kiti kile kile, mtoto wake Shekinah mapajani, mpaka wakachoka kumwona wakampa nyingine. Kazini, supavaiza alipowaambia wasafishaji wapande ngazi za nyuma kwa kuwa lifti ni ya wafanyakazi, alimtazama na kumwuliza, "Na mimi hapa ni nani, mgeni wa harusi?" Akaingia kwenye lifti na ndoo yake, akabonyeza kidude.

Wengi waliona ni kiburi. Nacho kilikuwepo, hakuna haja ya kuficha. Lakini hasira ninayotaka kuisimulia hapa haikuwa ya kiburi. Ilikuwa ya ndugu yake.

Ndugu huyo aliitwa Séraphin, kitinda mimba wa mama yao. Annonciata ndiye aliyembeba mgongoni kule kwao Fizi, mama akiwa shambani, mpaka kitambaa cha mbeleko kikamwachia alama begani. Vita vilipowatawanya, yeye alitokea Kampala akaangukia London mwaka wa tisini na nane. Séraphin alivuka ziwa na mkewe Miradie na watoto, wakaingia kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania. Wakakaa humo mpaka watoto wakasahau nyumba ina milango mingapi. Halafu, mwaka elfu mbili na nne, Amerika ikawachukua.

Simu ya kwanza kutoka huko, Séraphin akimwita yaya, dada mkubwa, kama zamani, ilimchekesha Annonciata hadi akakaa chini.

"Yaya, wametuleta mji unaitwa Haskell Ferry. Jimbo la Missouri."

"Uko karibu na New York?"

"Yaya, mji huu hauko karibu na kitu chochote."

Akamwelezea. Barabara moja yenye maduka, nusu yake yamefungwa. Kanisa hapa, kanisa pale. Kiwanda cha kuchinja bata mzinga, ndicho kilichowaita wakimbizi maana wenye mji hawakuitaka tena kazi ile. Na mahindi. "Mahindi, yaya, mpaka yanagusana na mbingu! Na huwezi kuamini, hakuna hata mmoja anayesonga ugali. Wanawapa ng'ombe."

"Basi hao ng'ombe wamekuzidi heshima," alimwambia, na wote wawili wakacheka mpaka kadi ya simu ikaisha.

Séraphin aliishi Haskell Ferry mwaka mmoja na kitu. Januari ya elfu mbili na sita, akiwa zamuni kwenye chumba cha baridi pale kiwandani, moyo wake ulisimama. Hakuwa amefika miaka hamsini.

Kumrudisha Kongo hakukuwezekana, na viza ya Amerika haikuwa kitu cha kupatikana kabla ya mazishi. Walimzika huko huko. Annonciata alilia kilio chake Thamesmead, magodoro yametandikwa sebuleni, wanawake wamejaa mpaka kwenye korido, sufuria haziondoki jikoni. Ikapangwa siku ya kuondoa matanga, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, katika ukumbi wa jumuiya.

Sasa hapa inabidi kujua jambo moja la ukoo wao. Siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa familia husimama mbele ya watu na kusema njia. Anaanza pale marehemu alipozaliwa, anampitisha kote alikopita, na anamfikisha kaburini: ukitoka hapa utaona kijito, ukikivuka shika mkono wa kulia, panda, amelala pale. Mtu yeyote wa ukoo, hata mjukuu ambaye hajazaliwa, akisimuliwa njia hiyo aweze kwenda peke yake bila kuuliza. Njia isiposemwa, matanga hayajaondoka, na mjane havui nguo nyeusi.

Na kwao wafu hulazwa juu mgongoni mwa mlima. Chini kwenye mchanga wa ufukweni walizikwa watu wa namna moja tu, wale waliookotwa majini, wasio na jina wala wa kuwaulizia.

Kwa hiyo Annonciata alimpigia Aristote, kijana mkubwa wa Séraphin.

"Nieleze kaburi la baba yako."

"Shangazi, ni pazuri. Pametulia."

"Sijakuuliza uzuri. Nimekuuliza njia."

"Kanisa lilitusaidia sehemu. Bure kabisa. Kuna nyasi, kuna miti miti. Basi, tukamzika."

"Nyasi ziko dunia nzima, Aristote. Unatoka mjini unaelekea wapi?"

Aristote akasema yuko kazini, atapiga baadaye. Hakupiga.

Annonciata hakumsubiri. Alimwita Shekinah, wakati huo msichana wa sekondari, aliyekuwa akielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote.

"Fungua hiyo kompyuta yako. Tafuta mji wa mjomba wako."

Mji ulikuwa na ukurasa wake. Juu kulikuwa na picha ya mto uliojikunja kama mkia wa mjusi, na kilima kimoja kimeusimamia. Chini yake maelezo marefu.

"It's just history, Mum. It's boring."

"Historia ndiyo ninayoitaka. Soma, na usirukeruke."

Shekinah akasoma, akawa anatafsiri kwa kuvuta maneno kama mtu anayevuta mbuzi. Kwamba zamani mahali pale hapakuwa na mtu. Akaja bwana mmoja Haskell, akajenga kivuko cha kuvushia watu mto.

"Ngoja kwanza," Annonciata alisema. "Hapakuwa na mtu?"

"That's what it says."

"Alikuwa anavusha nani sasa? Upepo?"

Shekinah akacheka, akasogeza ukurasa. Mbele kidogo paliandikwa kwamba wenyeji wa asili "walihama" kuelekea magharibi miaka ile ile.

"Walihama," Annonciata akalirudia neno polepole. "Kama sisi tulivyohama Fizi. Endelea."

Kivuko kikaleta maduka. Maduka yakaleta reli. Reli ikapitishwa chini, kati ya kilima na mto, kwa sababu huko ardhi ni tambarare. Walioijenga waliletwa kutoka mbali, na kiangazi kimoja homa ikawafyeka wengi. Wakazikwa hapo hapo walipokuwa wanafanya kazi, chini ya reli, upande wa mto. Majina yao hayajulikani, ukurasa ulisema, na ulisema bila hata kuona haya. Wenye maduka na wenye mashamba walijenga nyumba zao kilimani. Lakini mji ulikuwa na makaburi yale ya chini tu, kwa hiyo baadaye hata wao wakazika huko.

Mpaka mwaka wa tisini na tatu. Mwaka huo mto ulifurika, ukapanda hadi kwenye reli na kuivuka. Ukayafumua makaburi ya chini. Majeneza yalielea yakaenda kukwama kwenye mashamba ya soya, mengine hayakuonekana tena. Maji yalipoondoka, familia za mji zikashikamana, ukurasa ulijisifu, zikanunua uwanja juu kilimani na kuwahamishia wapendwa wao huko. Kulikuwa na picha: geti la chuma, maua, bendera. Halafu Shekinah akaacha kusogeza ukurasa.

"Mbona umekwama?"

"Mum…"

"Soma, nimesema."

Akasoma kwa sauti ndogo, na safari hii Kiswahili kilitoka bila kuvutwa. Makaburi ya zamani, chini ya reli, bado yanatumika kwa ajili ya wasio na uwezo.

Annonciata aliinuka. Alikwenda dirishani akasimama, anatazama chini. Flati zile za Thamesmead zilijengwa juu ya kinamasi cha mto Thames, na waliozijenga walijua. Ghorofa ya chini kabisa hawakumweka mtu, waliweka magari. Maji yakija, yachukue magari. Kila siku alipita hapo chini na mifuko yake ya sokoni.

"Hapa hata kulala kwa mtu kumefikiriwa," alisema. "Lete simu."

Kule Missouri ilikuwa asubuhi. Aristote alipokea akiwa nyumbani.

"Aristote, siku ile mnamzika baba yako, reli ilikuwa upande gani?"

"Reli? Ilikuwa juu yetu, shangazi. Treni ilipita katikati ya maombi, mchungaji akasubiri imalizike."

"Na mto?"

"Mto uko chini kidogo. Unauona."

"Umemzika baba yako kama mtu aliyeokotwa majini."

"Shangazi, tulipewa."

"Mlipewa! Na kilimani hamkukuona? Geti la chuma, maua, hamkuyaona?"

"Tuliona. Shangazi, walitupa. Mtu akikupa unapokea. Tungesema nini? Tungesema hiki hatukitaki, tupeni kile?"

"Ndiyo! Ndivyo watu wanavyosema!"

"Wewe hukukaa kambini," Aristote akasema.

Neno hilo lilimkata, kwa sababu lilikuwa kweli. Kijana yule alikulia kwenye foleni. Kambini mtu anayeuliza kwa nini unga wake una wadudu hutolewa pembeni, na wanaomfuata wanachota. Watoto walifundishwa kupokea kwa mikono miwili na kushukuru kabla hawajaangalia ndani. Hata siku ile ya mazishi, Annonciata alikuja kujua baadaye, familia nzima iliimba wimbo wa shukrani mbele ya wanakamati wa kanisa, sauti nne, na Miradie akamfunga mama mmoja wa kamati kitenge chake kizuri kiunoni. Wazungu wakalia machozi, wakaona hawa watu wameridhika sana.

Lakini kumwelewa kijana hakukumpunguzia hasira. Kulimwongezea. Maana sasa alikuwa na wengi wa kuwakasirikia: mto, Haskell na kivuko chake, wale waliohamisha ndugu zao na kuacha wa wenzao, waliomfundisha mtoto wa ndugu yake kushukuru asichokiona. Na mwezi wa nne theluji huko huyeyuka, mto hujaa. Alimwuliza Shekinah mara mbili ahakikishe. Ilikuwa hivyo.

Siku chache kabla ya Jumamosi ile, mwenyekiti wa jumuiya alikuja kumwona. Mzee Lawrence, mtu wa suti, mpole, asiyependa makelele.

"Mama, ukumbi umepatikana. Akina mama wamekwisha gawana kazi ya kupika pondu na samaki. Nimesikia una neno na kaburi."

"Sina neno na kaburi. Nina neno na mahali."

"Lakini mama, sema tu amelala Missouri, pazuri, Mungu anamjua. Nani atakwenda kuhakikisha?"

"Nisimame mbele ya watu nimdanganyie ndugu yangu njia? Mtu akiifuata afike wapi, Mzee Lawrence? Kwenye soya?"

Mzee akakohoa kwenye ngumi. "Basi fupisha."

"Nitafupisha," alisema Annonciata, na kila aliyemjua angejua hapo kwamba hatafupisha.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Simu ya mkononi ililazwa mezani karibu na maikrofoni, sauti imefunguliwa, ili Miradie na watoto wasikie wakiwa kwao. Kwaya ikaimba, mchungaji akaomba. Annonciata akasimama, kitenge cheusi, bila karatasi.

Alimzaa Séraphin upya. Alitaja mvua ya usiku ule, mkunga, mbeleko. Alimtembeza Fizi, shule, ndoa yake, mlio wa bunduki, ziwa, kambi. Watu walilia kwa utulivu, kama inavyotakiwa. Kisha akamfikisha Haskell Ferry, na sauti ikabadilika.

"Mji huo unasema ulianza pasipo na mtu. Mwongo! Una mto, na juu ya mto una kilima, na katikati una reli. Juu wanalala wenye majina. Mwaka wa tisini na tatu maji yalikuja, wakawabeba wafu wao wakawapandisha. Wao! Wafu wao! Wale waliojenga reli wakawaacha palepale, maana nani angewaulizia? Ndugu yangu amechinja bata wao, amesimama kwenye barafu yao mpaka moyo ukagoma, halafu wamemlaza huko huko chini. Mahali ambapo wenyewe wamepakimbia! Nilitakiwa niseme njia. Njia imekatikia kwenye reli. Siwezi kusema amelala, kwa sababu hajalala, anasubiri maji. Matanga haya siyaondoi."

Ukumbi ulilipuka. "Mama, acha!" "Msimguse, ana haki!" "Na chakula chote hiki?" mmoja wa wapishi akauliza, na wengine wakamzomea. Mzee Lawrence akaichukua maikrofoni, akapandisha mkono.

"Tafadhali, tafadhali. Mama Annonciata, tunakuheshimu. Lakini kuna mjane. Utamwacha mjane wa watu na nguo nyeusi mpaka lini?"

Hapo simu mezani ikakwaruza.

"Wifi," ilisema sauti ya Miradie. "Wifi, usiondoe."

Mzee Lawrence akaishusha maikrofoni karibu na simu.

"Mama, nyamaza," sauti ya Aristote ikasikika nyuma yake.

"Nimenyamaza tangu siku ile, sasa basi. Wifi, shimo lilikuwa na maji. Nililiona. Wameshusha sanduku, nikasikia maji yanapokea. Kila mtu anaimba, na mimi naimba. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nitavaa nyeusi. Usiondoe."

Annonciata alishika kingo za meza. Alikuwa amejiandaa kugombana na dunia nzima siku hiyo, na katika wote aliowapanga, Miradie alikuwemo. Alimdhania ndiye aliyeng'ang'ania cha bure.

"Aristote," aliita kwenye simu, mbele ya wote. "Unanisikia?"

"Nasikia, shangazi."

"Jumatatu mchukue mama yako. Nendeni ofisi ya mji. Msiimbe. Mkae kwenye viti mpaka mpate jibu."

Watu walikula, maana chakula kilikuwa kimeiva, lakini walikula bila furaha, na wengine walifungasha wakaondoka wakisema mwanamke huyu sasa amezidi. Kanisani Jumapili zilizofuata benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Alilikalia katikati.

Ofisini Haskell Ferry waliwakuta watu wawili na mashine ya kahawa. Aristote alisema maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima. Mama wa ofisi, mwenye nywele nyeupe, aliyekuwepo mazishini na kamati ya kanisa, alishangaa. Nafasi kilimani zipo, alisema, nyingi tu, mji unapungua watu. Kanisa liliwapa ya chini kwa kuwa ndiyo lililo nayo. "Hamkusema chochote," aliwaambia. "Mliimba vizuri sana, tukajua mmefurahi."

Aristote alipomsimulia shangazi yake hayo, alitegemea angetulia. Annonciata alipiga meza hadi vikombe vikaruka.

"Nafasi nyingi! Zimekaa wazi! Na hakuna aliyefungua mdomo! Wao midomo imefungwa, nyinyi midomo iko wazi mnaimba!"

"Shangazi, lakini wamekubali."

"Nimesikia wamekubali. Naomba nikasirike nimalize."

Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi, ikabidi wangoje. Kila siku Shekinah alitazama hali ya hewa ya mji ule kabla ya kwenda shule, bila kuambiwa. Mwishoni mwa mwezi wa tatu mashine ilishuka chini ya reli ikamfukua Séraphin. Miradie alisimama pale pale mpaka mwisho. Sanduku lilikuwa limeloa nusu. Walilipandisha kwa lori la mkulima mmoja aliyejitolea, wakamlaza nyuma ya geti la chuma, safu ya mwisho, panapoona mto wote. Baada ya Pasaka maji yalikuja. Mwaka huo hayakuivuka reli. Yaliishia kwenye mawe yake, na hapo chini yalikaa juma zima, ya kahawia.

Ukumbi haukupatikana mara ya pili, na waliokuja hawakuwa wengi. Walikusanyika kwenye flati yake, simu juu ya mto wa kochi. Mzee Lawrence alikuja na suti yake, akakaa kwenye godoro kama wengine. Shekinah alisimama mlangoni.

Annonciata hakurudia maisha yote. Alianzia alipokuwa ameachia.

"Ukifika Haskell Ferry, utaingia kwa barabara ya mahindi. Utapita kiwanda upande wa kushoto, usisimame hapo, kilikwisha chukua chake. Utaona maduka yaliyofungwa, utaona mto. Shuka mpaka kwenye reli. Chini ya reli kuna nyasi hazina msalaba. Hao ni watu. Waamkie, maana mji wao hauwaamkii. Halafu geuka, mto uwe mgongoni, panda. Panda mpaka kwenye geti la chuma. Likifungwa, ligonge, na wakikuuliza unamtaka nani, usishukuru, usiimbe, sema jina. Séraphin. Nenda safu ya nyuma. Amelala hapo, ameangalia maji kutoka juu."

Kwenye simu ikasikika nguo ikivuliwa, na Miradie akasema, "Wifi, nimevua."

"Matanga yameondoka," alisema Annonciata.

Akakaa. Alikaza kitenge chake kifuani kwa ngumi, na Mzee Lawrence, akidhani ni majonzi, akamwambia pole, mama, sasa moyo umepoa.

"Haujapoa," alimjibu. "Shekinah, nipe maji ya kunywa."

Na Shekinah akajibu, kwa Kiswahili, "Ndiyo, mama," akaenda kuyaleta.